Kinu Kimemeza

Fisi wa Mzee Semboja hakuwa mlevi. Bi Havijawa alilijua hilo kuliko mtu yeyote katika Korogwe nzima, na ndilo jambo lililomkera kila asubuhi alipofungwa utepe mkononi na kukalishwa kwenye kiti chenye nyaya, miguu ikining'inia kama ya kuku anayepelekwa gulioni.

Ilikuwa hadithi nzuri. Fisi anaoa, anahamia ukweni, anajikaza kula mchicha mbele ya mama mkwe huku mate yakimdondoka kwa harufu ya mbuzi waliofungwa nyuma ya nyumba. Siku ilipoletwa kuchujwa, Bi Havijawa alikuwa na hasira zake. Jirani yake, mtu wa pombe, alikuwa amemkanyagia mche wa mpapai uliokuwa ndiyo kwanza unachanua. Mzee anasimulia, yeye anauwaza mpapai. Moyo ukamwenda mbio, viganja vikalowa, na mashine, ambayo haijui mpapai wala jirani, ikaandika: Athari za ulevi katika jamii, asilimia sabini na mbili. Muhuri ukagongwa.

Bi Havijawa alicheka wiki nzima. Alikuwa na miaka sabini na moja na meno tisa, na aliyatumia yote kucheka. Tangu siku hiyo, kwa sheria, Mzee Semboja alipaswa kuwatangazia watoto kabla ya kuanza kwamba hadithi hii inahusu madhara ya pombe. Akasimulia mara mbili. Watoto walikaa wanangoja fisi alewe. Hakulewa. Mara ya tatu mzee hakutokea. Alikuwa sokoni anauza kuku. Hapo kicheko kikamkauka Bi Havijawa, kikakwama kooni kama mwiba wa samaki, na huu ulikuwa mwaka wa pili haujashuka wala haujatoka. Akajiapiza kwamba hatacheza tena na kile kiti. Atasikiliza kama watu wanavyosikiliza, na litakalotoka litoke.

Jina la mashine kwenye barua za serikali lilikuwa refu kama treni ya mizigo. Watu waliiita Chujio. Ilianza baada ya Miaka ya Uvumi, pale mashine zilipokuwa zikitunga nyimbo elfu kwa saa, na watu wakakatana mapanga kwa ajili ya beti ambazo hakuna binadamu aliyezitunga. Baada ya mazishi kuwa mengi, ikaamuliwa kwamba kila hadithi, kila wimbo, kila ngonjera, hata maneno ya kanga, yabebe maana yake usoni kama chupa ya dawa inavyobeba maelezo. Wataalamu wakaketi wakaorodhesha dhamira arobaini. Kazi isiyofika asilimia sitini katika dhamira yoyote iliitwa makapi, na makapi hayasimuliwi mbele za watu.

Tatizo la Chujio lilikuwa moja. Lilisoma maneno yote ya duniani lakini halikuwa na tumbo la kushtuka. Likahitaji mtu wa kushtuka kwa niaba yake, naye ndiye shahidi. Kwanza waliwakalisha walimu wa fasihi. Haikufaa, mioyo yao ilitulia tuli ikisubiri kuambiwa swali lina maksi ngapi. Ndipo wakatafuta watu wa darasa la saba. Kwenye usaili Bi Havijawa aliulizwa dhamira ni nini, akajibu, "Ni kitu mnachokitafuta nyinyi wakati sisi tunasikiliza." Wakampa kazi siku ileile.

Asubuhi hii lilikuwa limeletwa bembelezo la mtoto kutoka Magoma. Chujio likaguna, likatoa karatasi: Umuhimu wa maji safi na salama.

"Mume wangu," Bi Havijawa alimwambia fundi, "maji yametoka wapi?"

Fundi aliitwa Lutengano, mtoto wa Tukuyu, mwenye shahada mbili na ndevu saba. Bibi alimwita mume wangu kwa utani wa bibi na mjukuu, na kila siku masikio ya kijana yalipata moto upya.

"Kuna kisima, bibi. Ubeti wa pili."

"Kisima anatishiwa mtoto asikikaribie."

"Mfumo umeona kisima."

"Mfumo haujawahi kulea."

Lutengano akatazama mchoro wa moyo wa bibi kwenye kioo. "Na wewe, bibi, hapa katikati ulikuwa na kiu?"

"Mmenifunga tangu saa mbili hata chai hamjanipa. Ningeacha kuwa na kiu?"

"Basi ndiyo hivyo," alisema kijana kwa huzuni, akagonga muhuri.

Bi Havijawa akafumba macho. Mama mmoja huko Magoma atakuwa anamwekea mtoto kichwa begani na kumwambia kwanza habari za usalama wa maji. Alitamani kuvua kiatu akipige kile kioo, lakini kiatu chenyewe kilikuwa cha sikukuu.

Ndipo akaingia Bi Kibibi, mwanamke mrefu wa makamo, kanga mbili mpya, mgongo umenyooka kama wa mtu aliyekuja kwenye haki yake. Akaamkia, akakaa, akachomoa kipuli cha sikio lake la kushoto akakiweka mezani. Siku hizo kila mtu alivaa kipuli cha kumbukumbu, kinachonasa yote ambayo sikio limesikia.

"Ni wimbo wa wifi yangu, Siwema," alisema. "Mke wa marehemu kaka yangu. Nataka uchujwe ili Baraza la Ukoo lijue unasema nini. Nilipita njiani nikausikia."

"Marehemu Shehoza?" Bi Havijawa aliuliza. "Yule wa nyavu za ukungu kule Magamba?"

"Huyo. Kesho kutwa anatimiza mwaka."

Mji mzima ulilijua lile jambo. Maji ya Korogwe yalivunwa milimani kwa nyavu zilizotandazwa kukamata ukungu, na wavunaji walizipanda kama nyani. Asubuhi moja kamba ilikatika. Shehoza akaacha mjane na mtoto wa kike, Mkunde, sasa miaka sita.

"Na Baraza likijua wimbo unasema nini, litafanya nini?"

"Litamleta mtoto kwetu," alisema Kibibi. Sauti ilimtoka laini kuliko mgongo wake. "Yule mtoto ana masikio ya kaka yangu, bibi. Ukimtazama kwa nyuma unaweza kuanguka."

Lutengano akakitumbukiza kipuli kwenye kitundu. Chujio likaisafisha sauti kama kawaida yake: likatoa upepo, likatoa majogoo, likatoa kila kisichokuwa sauti ya mtunzi. Kilichobaki kilikuwa sauti ya mwanamke, tupu, kama mtu aliyesimama chumbani bila ukuta.

*Kinu, nilimwambia usirudi,*
*kinu, nikafunga mlango.*
*Miaka saba hakunisikia,*
*siku hiyo akasikia.*

Bi Havijawa alihisi ubaridi ukimpanda kutoka unyayoni. Alimwona mume mlangoni, amebeba kamba zake begani. Alilisikia lile neno linalotoka mdomoni asubuhi ya ugomvi, neno ambalo kila mke aliyewahi kuolewa amelisema, na mume hurudi jioni anauliza kuna mboga gani. Huyu hakurudi.

Akakumbuka kiti, akashtuka. Na hapo, pamoja na kiapo chake chote, akaanza kukimbia. Akauwaza mpapai. Akamwaza jirani. Akajiuma ulimi. Akaanza jedwali la saba, saba mara moja, saba mara mbili, na alipofika saba mara sita ile sauti ikarudi tena na *siku hiyo akasikia*, na jedwali lote likamwagika kama mtama.

Chujio likaguna. Majuto, asilimia hamsini na nane.

"Karibu ifike," alisema Lutengano. "Kwa kanuni, hamsini na tano hadi sitini tunarudia kesho, mbele ya mjumbe wa Baraza."

"Na ikifika sitini?"

Kijana alijua kanuni kwa moyo, na siku hiyo alionekana kutamani asingezijua. "Palipo na majuto pana kosa. Baraza litatafuta kosa ni lipi. Mtoto atakaa kwa ukoo wa baba mpaka lipatikane."

"Kosa la namna hiyo hupatikana baada ya muda gani?"

"Liko moja linatafutwa tangu nilipokuwa darasa la nne."

*

Shahidi haruhusiwi kuonana na mtunzi. Mtunzi mwenyewe haruhusiwi kuwapo kazi yake inapochujwa, maana anaweza kuanza kujieleza, na wataalamu walishakubaliana kwamba mtunzi ndiye mtu wa mwisho wa kuulizwa. Bi Havijawa aliitafakari kanuni hiyo njia nzima alipokuwa anaelekea kwa Siwema, ng'ambo ya reli.

Alimkuta barazani anashona wavu wa ukungu uliochanika, magoti yamezama kwenye nyuzi nyembamba kama za buibui. Mkunde alikuwa anahesabu mafundo kwa sauti, akiruka kumi na tatu kila mara.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mkunde, kumi na tatu amekukosea nini?"

"Silipendi," alisema mtoto, akaendelea na kumi na nne.

Siwema akamtuma mtoto kwa jirani kuomba chumvi ambayo ndani ilikuwamo. Kisha akasema bila kuinua kichwa, "Nimeambiwa wimbo wangu umefika kwenu."

"Umefika. Umenikalia hapa." Bi Havijawa akajigusa kifuani. "Mwanangu, mimi sikuja kukuchunguza. Lakini yale maneno uliyasemea wapi mpaka yakachukuliwa?"

"Kinuni. Nilikuwa natwanga unga wake wa mwaka."

Bi Havijawa akaelewa. Mashine za kusaga zilikuwa zimejaa mji mzima, lakini unga wa uji wa marehemu anapotimiza mwaka hausagwi. Mjane huutwanga kwa mkono wake. Na maneno ya kinu hayana kesi. Mama yake alimfundisha hivyo, na mama wa mama yake. Mwanamke akishika mchi husema na kinu: amtukane mkwe, amlilie mume, akiri lolote. Aliye upande wa pili huitikia *kinu kimemeza*, na limekwisha. Hata mama mkwe aliyetajwa kwa jina hupita na ndoo yake ya maji kama hakusikia kitu.

"Kwenye Chujio sikusikia mchi," alisema polepole. "Nimesikia sauti yako peke yake."

"Mchi ulikuwepo, bibi. Bila mchi ningeimbaje? Ningekuwa naongea peke yangu kama kichaa."

"Wameuosha. Wameuona ni uchafu." Bi Havijawa akatema mate pembeni, si kwa dharau, ni kwa kukosa la kufanya. "Sikiliza. Mimi naweza kukuokoa. Usiniulize vipi. Nikitaka, kesho wimbo wako utatoka unahusu kilimo bora cha umwagiliaji."

Siwema akaacha kushona.

"Kama fisi wa Mzee Semboja?"

Mwiba ulijigeuza kooni. Kumbe mji ulijua, au ulihisi. "Kama huyo," alisema.

"Hapana, bibi. Huo wimbo ndiyo maneno yangu ya mwisho na Shehoza. Mengine yote tuliyosemeana nimeyasahau, nimebaki na hilo. Ukiligeuza kilimo, kila mwaka nitasimama mbele ya uji wake niwatangazie watu habari za mifereji. Nitakuwa nimemfungia mlango mara ya pili."

"Na nikisikiliza kwa haki, watamchukua Mkunde."

"Najua."

"Basi unataka nifanye nini?"

"Sijui, bibi. Wewe ndiye unayelipwa kuhisi."

Lilikuwa kofi, na Bi Havijawa alilipokea. Alikaa akiutazama wavu. Angekataa kazi kesho? Wangemleta shahidi mwingine kutoka Mombo, mwenye machozi ya karibu, na majuto yangefika tisini. Angedanganya? Angesema kweli? Kila mlango alioushika ulikuwa na mtu amelala nyuma yake.

"Aliyekuwa upande wa pili ni nani?" aliuliza mwishowe. "Michi ilikuwa miwili?"

"Ilikuwa miwili."

"Nani?"

Siwema akachukua sindano. "Huyo simtaji, bibi. Naye aliyasema yake."

*

Kesho yake saa nne walikuwa watu wanne chumbani. Bwana Mhando, mjumbe wa Baraza, alikuwa amevaa koti na kukaa karibu na feni. Bi Kibibi alikaa kando yake. Lutengano alikuwa anamfunga Bi Havijawa utepe.

"Kabla hujaanza," alisema Bi Havijawa, "nataka niusikie na mchi wake."

"Bibi, mfumo unasafisha wenyewe."

"Uambie usisafishe."

"Kuzima usafishaji kunahitaji kibali cha makao makuu. Siku kumi na nne za kazi."

"Wimbo wa kutwanga bila kutwanga. Mtu akikuletea pilau uukung'ute wali wote, kisha uniulize bizari imeniambia nini?"

"Mama," Bwana Mhando alisema kwa upole wa mtu mwenye kikao kingine saa tano, "kinachochujwa ni maneno. Kelele hazina dhamira."

"Nani kasema?"

"Imeandikwa."

"Na aliyeandika aliwahi kushika mchi?"

Feni ilizunguka. Bi Havijawa alihisi hasira ikimjaa mpaka kwenye kope, hasira ya kikongwe anayeongea na watu wenye adabu. Wangemwitikia vizuri, wangemletea maji, na wangefanya vilevile. Alitazama kile kitabu cha kanuni juu ya meza, kinene kama tofali, na mara moja, baada ya miaka minane ya kukitumia kuegeshea kikombe, akakumbuka kwamba alikwishawahi kukisoma. Alikisoma chote, mwezi wa kwanza kazini, kwa kuwa hakuna aliyemwambia hakisomwi.

"Lutengano," alisema, na kijana akashtuka kwa kuitwa jina lake. "Kifungu cha kumi na moja kinasemaje?"

Kijana akafunua, akasoma kimya, kisha akasoma kwa sauti ndogo. "Shahidi akikiri kwamba masikio yake hayasikii sawasawa, arudishiwe sauti kama ilivyopokelewa."

"Malizia."

"Bibi..."

"Malizia, mume wangu."

"Na shahidi huyo, kuanzia siku ya pili, hatakuwa shahidi tena."

"Mimi ni mzee," Bi Havijawa alimwambia Bwana Mhando. "Masikio yangu hayasikii vitu vilivyooshwa. Leteni kalamu."

Alisaini kwa herufi kubwa za darasa la saba, moja moja, huku kila mtu akimsubiri. Ilikuwa kazi nzuri, ya kukaa, yenye bima ya macho. Alisikitika kidogo juu ya bima.

Lutengano akafungua sauti.

Kwanza uliingia upepo, na jogoo mmoja mjinga. Kisha mchi. Du. Na mwingine ukaufuata, du, ukipokea pale wa kwanza ulipoachia, na pumzi za wanawake wawili kati ya pigo na pigo. Bi Havijawa hakutaka kufanya lolote. Mwili wake ndio uliofanya. Mabega yalishuka, mgongo ukajipanga, pumzi ikaanza kuingia mchi ukipanda na kutoka mchi ukishuka, kama alivyofundishwa akiwa na miaka tisa, wala haikumwuliza ruhusa. Sauti ya Siwema ilipokuja haikuwa tupu tena. Ilikuwa imekaa juu ya kazi kama mtoto juu ya mgongo.

*Kinu, nilimwambia usirudi...*

Mchi wa pili ulikosa pigo moja. Moja tu. Kisha ukarudi kwenye zamu yake, na ikaja sauti ya kuitikia, ambayo Chujio jana lilikuwa limeitoa kama vumbi. Ilikuwa karibu kuliko ya mwimbaji, karibu kama pumzi ya mtu sikioni, kama inavyosikika sauti ya mwenye kipuli mwenyewe.

*Kinu kimemeza.*

Bi Havijawa hakugeuka. Hakuhitaji. Alisikia kanga mpya zikikwaruzana kwenye kiti cha pili, zikatulia. Mchi uliendelea. Siwema alimaliza ubeti wake, kisha zamu ikahama, na ile sauti ya karibu ikaanza kuimba yake:

*Kinu, alikuja kwangu asubuhi hiyo,*
*kinu, akaomba chai...*

"Izime," alisema Bi Kibibi.

Lutengano akazima. Chujio, ambalo halikujua kwamba kuna jambo limetokea, likaguna kwa muda mrefu kuliko kawaida na kutoa karatasi. Bwana Mhando akaisoma mara mbili.

"Majuto, asilimia kumi na mbili. Umuhimu wa kufanya kazi kwa bidii, asilimia tisini na moja." Akamtazama shahidi kwa macho ya kutaka kuuliza.

"Nimesikiliza kwa haki," alisema Bi Havijawa. Jasho lilikuwa linamtiririka kwapani, jasho la kweli la mtu aliyetwanga debe zima. "Safari hii sikukimbia."

"Na huyo anayeitikia ni nani? Baraza litapenda kujua."

Bi Havijawa alitazama kucha zake. Alikuwa anaijua ile sauti, na Lutengano alikuwa anaijua, na mwenye sauti alikuwa ameketi hatua mbili kutoka hapo, mgongo wake umeinama kwa mara ya kwanza.

"Mimi masikio yangu mabovu," alisema. "Nimesaini."

Bi Kibibi akainuka. Alikichukua kipuli chake, akakishika kiganjani bila kukivaa. "Nifutieni shauri langu," alimwambia mjumbe. Mlangoni akasimama mbele ya Bi Havijawa. "Sikumpa ile chai," alinong'ona. "Nilimwambia arudi kwa mkewe akamdai. Nilitaka tu kubaki na kitu chake."

"Masikio ya mtoto hayahamishwi na Baraza, mwanangu. Nenda kamtazame kwa nyuma upendavyo. Lakini kwanza kanywe uji wa kaka yako, na uende mikono mitupu, uonekane una aibu."

Siwema alikuwa nje, amesimama juani na mtoto. Alimwona wifi yake akitoka, na hawakusemeshana, ila Kibibi alimgusa Mkunde sikio alipopita, kidogo, kama mtu anayepima moto wa pasi.

"Wamesema wimbo wako unahusu kazi," Bi Havijawa alimwambia. "Ndivyo utakavyotangaza kila mwaka. Sikudanganya, lakini si maneno yako, najua. Nisamehe."

Siwema akamshika mtoto mkono.

"Kutwanga ni kazi," alisema.

"Ni kazi."

"Na kulia je?"

"Mwanangu," alisema Bi Havijawa, "hiyo ndiyo isiyo na likizo."

*

Mzee Semboja alikuwa nyuma ya banda lake sokoni, ndoo ya maji ya moto miguuni, ananyonyoa kuku. Hakuinua uso.

"Leo hujafungwa nyaya," alisema.

"Wamenifungua. Mzee, nimekuja kukuambia jambo, na hapa hapana kinu, kwa hiyo utalikasirikia na una haki." Akameza mate. Mwiba ulikuwa palepale. "Fisi wako hakuwa mlevi. Nilikuwa namuwaza jirani yangu. Alinikanyagia mpapai."

Manyoya yaliendelea kutoka. Moja lilitua kwenye kiatu chake cha sikukuu.

"Mpapai," alisema mzee.

"Mpapai."

"Miaka miwili watoto wa mtaani wananiita Mzee Gongo."

"Nimesikia."

"Na ulicheka."

"Nilicheka sana," alisema Bi Havijawa, maana alikuwa amekuja na ukweli na hakuona sababu ya kuupunguza njiani.

Mzee akamgeuza kuku upande wa pili. Akaitazama ndoo ya maji ya moto kama mtu anayepima aitupe au aiache.

"Basi kama hakuwa mlevi, alikuwa nini?"

"Sijui. Sikumsikiliza. Ungenisimulia tena leo ningemsikiliza."

"Bila muhuri ni kosa."

"Ni kosa kubwa."

"Na mimi leo nina kuku."

"Naona."

Bi Havijawa akavua viatu, akaviweka juu ya kibao visilowe. Akavuta kigoda, akachovya kuku wa pili kwenye maji na kuanza kunyonyoa. Hakusema kitu, jambo ambalo kwake lilikuwa gumu kuliko kutwanga. Kuku wa pili akaisha. Akachovya wa tatu. Walikuwa wamefika kwenye mabawa, pale penye manyoya madogo yanayokera, mzee alipokohoa, akajifuta mikono kwenye magoti, akatazama kushoto na kulia kama mtu anayetaka kuvuka reli.

"Huyo fisi," alisema, "mchicha alikuwa haupendi tangu utotoni."